Muyaka wa Mombasa: Mshairi Aliyeulinda Mji kwa Ulimi

Wanafunzi wa Goma waliochagua Latin-Philo, ule mkondo wa sekondari unaofundisha Kilatini pamoja na falsafa, huzoea majina ya washairi wa Roma kabla hawajaizoea sarufi yao. Husikia habari za Juvenal, aliyewacheka matajiri na wanafiki wa mji wake zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na za Horace aliyemtangulia. Swali linalofuata huja lenyewe: katika Kiswahili, lugha ya soko la Virunga na vichochoro vya Birere, aliwahi kuwako mtu wa namna hiyo? Au mashairi ya zamani ya Waswahili yalikuwa ya dini na mawaidha tu?

Alikuwako. Aliitwa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mtu wa Mombasa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki karibu na 1840. Mashairi yake mengi ni mafupi, ubeti mmoja au beti chache. Kwa mashairi hayo aliwapiga maadui wa mji, akawachokoza marafiki, akalia na mfuko mtupu, akaimba mapenzi, na ilipobidi akawauma hata watu wa upande wake. Sura hii ni yake. Waroma watapita kwanza kwa haraka, kwa kuwa ndio wanaojulikana shuleni, na kwa kuwa ukimweka Muyaka kando yao unaona alichokuwa nacho ambacho wao hawakuwa nacho: adui aliyemjibu.

## Sahani ya mchanganyiko

Kejeli ni kuusema ubaya wa mtu au wa jamii kwa namna ya kuchekesha, hata anayesikia acheke kwanza na kuumia baadaye. Hakuna watu wasioijua. Waroma lakini walijivunia kwamba kejeli ya kishairi ni mali yao wenyewe, wala hawakuiazima kwa Wagiriki kama walivyoazima karibu kila kitu kingine. Waliiita satura, jina linalohusishwa na sahani iliyojazwa vyakula vya kila aina. Mkaaji wa Goma hahitaji maelezo marefu hapa: ni ile sahani yenye fufu, sombe, lengalenga na sambaza wa Ziwa Kivu, vyote vimeegemeana. Ndani ya satura vilevile siasa hukaa ubavuni mwa mapishi, na ugomvi wa majirani ubavuni mwa falsafa.

Aliyeianzisha ni Lucilius, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Alikuwa tajiri, rafiki wa jenerali Scipio Aemilianus, na kwa hiyo aliweza kuwataja watu kwa majina yao bila kuhofia kesho. Horace, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, hakuwa na ukuta huo wa kuegemea. Alicheka kwa upole, mara nyingi akianza kwa kujicheka mwenyewe. Persius alifariki mwaka 62, kijana wa miaka 27, akiacha kitabu kimoja chembamba na kigumu.

Juvenal, wa mji wa Aquinum, ndiye mwenye makali kuliko wote. Aliacha mashairi 16. Katika la tatu rafiki yake anafunga mizigo aihame Roma kwa kuwa mji umemshinda mtu asiye na pesa: kodi ya nyumba hailipiki, ghorofa zinabomoka, moto unazuka usiku, mikokoteni haimwachi mtu alale, na anayepita chini ya madirisha humwagiwa uchafu. Mtu anayeishi katika nyumba ya mbao, anayejua jinsi cheche moja inavyoweza kula mstari mzima wa nyumba kabla ya maji kufika, atamwelewa upesi kuliko maprofesa wengi wa Ulaya. Atawaelewa pia wale watu wa Roma waliojipanga kila asubuhi mlangoni kwa mkubwa, wakimsalimia ili wapewe pesa kidogo au chakula cha siku. Shairi hilohilo limejaa chuki dhidi ya wageni, hasa Wagiriki, na uzuri wa mistari hauifuti chuki hiyo.

Jambo moja kuhusu Juvenal linahitajika kwa ajili ya yatakayofuata. Alianza kutoa mashairi yake baada ya mtawala katili Domitian kuuawa mwaka 96, na katika shairi lake la kwanza anatangaza kwamba atawasema watu waliokwisha kuzikwa. Maiti hawashitaki. Hadithi ya kwamba hata hivyo alihamishwa na kupelekwa mbali imesimuliwa tangu zamani, ila haina uthibitisho.

Kwa ufupi: mshairi wa kejeli wa Roma alikuwa na njia tatu za kujilinda, nazo ni kuwa na rafiki mkubwa, kucheka kwa upole, au kuwapiga waliokufa.

## Kisiwa chenye wenyewe wengi

Mombasa ya Muyaka ilikuwa mji ndani ya kisiwa, na jina lake la zamani kwa wenyeji ni Mvita. Hata lahaja ya hapo, yaani namna ya wenyeji ya kusema Kiswahili, huitwa Kimvita. Mlangoni mwa bahari ilisimama Ngome Kuu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kutekwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Wenyeji walijipanga katika makundi mawili, Tisa Taifa na Thalatha Taifa, yaani mataifa tisa na mataifa matatu. Pamoja walijulikana kama Miji Kumi na Miwili. Hakuna mtawala aliyedumu Mombasa bila kupatana na makundi hayo.

Katika karne ya 18 ngome ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotumwa kuushika mji kwa niaba ya Omani. Ukoo mwingine, wa Busaidi, uliponyakua utawala huko Omani katika miaka ya 1740, Wamazrui walikataa kuutii, wakabaki Mombasa kama watawala wanaojitegemea. Walioana na wenyeji, wakasema lugha yao, na mashauri yao yakawa ya Kimvita. Muyaka alikulia katika hali hiyo: mji unaojiona huru, ukitazamwa kwa jicho baya na mwenye nguvu aliye ng'ambo ya bahari.

Habari za maisha yake mwenyewe ni chache, na katika hilo amefanana na Juvenal. Mashairi yanamwonyesha mtu wa biashara na wa baharini, mara anacho, mara hana. Alikuwa karibu na Wamazrui, hasa Abdallah bin Ahmed, aliyetawala kuanzia 1814 hadi 1823. Ila hakuwa mshairi wa kulipwa ili asifu. Alikuwa raia mwenye ulimi, na ulimi wake ulihesabiwa miongoni mwa silaha za mji.

## Mzigo wa chukudu

Kabla ya Muyaka, tungo za Kiswahili zilizoheshimiwa zaidi zilikuwa tendi, mashairi marefu ya kusimulia vita vya dini, maisha ya Mtume au mawaidha. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa katika kisiwa cha Pate mwaka 1728, ni wa namna hiyo. Al-Inkishafi, shairi kuu juu ya kuanguka kwa fahari ya Pate, lilitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyekuwa bado hai Muyaka alipokuwa kijana. Nyimbo za ngoma na za mapenzi zilikuwako siku zote, lakini wasomi walijishughulisha nazo kidogo.

Muyaka aliushika ubeti wa mistari minne, ule unaoitwa shairi, akautumia kwa mambo ya siku hiyohiyo. Wachambuzi husema aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ni kauli nzuri ingawa imezidisha kidogo, maana mtu yuleyule aliyekuwa sokoni asubuhi alikuwa msikitini adhuhuri. Kilichobadilika ni kwamba habari ya deni, ya mwanamke au ya jahazi la adui ilipata chombo kilichofinyangwa kwa ustadi uleule wa mashairi ya dini.

Chombo hicho ni rahisi kukieleza kwa mtu aliyewahi kumwona mwendesha chukudu akipakia mizigo. Gunia za makala zikizidi upande mmoja, kigari hicho cha mbao huanguka kabla ya kufika bondeni. Mstari wa shairi nao una pande mbili, kila upande mizani 8; mizani ni silabi, kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Neno "Mombasa" lina mizani 3, neno "Goma" mizani 2. Jumla ya mstari ni mizani 16. Kila upande humalizikia kwa kina, yaani silabi inayofanana na ya mistari mingine. Mstari wa mwisho wa ubeti, unaoitwa kituo, ndio hubeba pigo.

Matokeo yake ni maneno machache yanayokaa kichwani. Katika mji usio na gazeti, ubeti mmoja mzuri uliosemwa barazani jioni ungeweza kurudiwa na mabaharia kabla ya mwezi kuisha, katika bandari ambayo mtunzi hajaikanyaga. (Baraza ya pwani, kwa msomaji wa Kivu, si "barza" ya wakubwa wa makabila wanaokutana kwa mashauri, ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali pa kukaa, kunywa kahawa na kumsema anayepita.) Juvenal alihitaji wasomaji. Muyaka alihitaji watu wawili na kumbukumbu.

## Shela, na adui aliyejibu

Karibu na mwaka 1812 Mombasa, ikishirikiana na Pate, ilipeleka jeshi kuushambulia mji wa Lamu. Lilitua Shela, kijiji cha mchangani si mbali na mji. Mapambano yalikwisha vibaya kwa waliokuja: walirudishwa ufukweni, maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yao yamekaa mchangani, na wengi waliuawa hapo walipokuwa wakijaribu kuyasukuma. Shela ulikuwa msiba wa mji mzima.

Lamu iliyoshinda ilijua kwamba Mombasa haitasahau, ikaomba ulinzi kwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani wa ukoo wa Busaidi. Huo ndio mlango aliopitia. Kuanzia hapo vita vya Mombasa havikuwa tena vya miji miwili jirani.

Vita vya maneno vilikwenda sambamba na vya mikuki. Upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi, na kati yake na Muyaka mashairi yalipita kama mpira. Huu ndio utaratibu wa kujibizana: mmoja hutuma ubeti wenye fumbo, mwenziwe hulazimika kulifumbua na kulirudisha katika umbo lilelile, pengine kwa vina vilevile. Anayeshindwa kujibu ameshindwa mbele ya watu. Anayejibu kwa matusi matupu ameshindwa zaidi, kwa sababu ameonyesha kwamba limemwuma na hana ufundi.

Hapa ndipo Muyaka anapoachana kabisa na Juvenal. Mroma alipiga maiti, na maiti hawajibu. Muyaka alimpiga mtu aliye hai, mwenye watu nyuma yake, mwenye ulimi mkali kama wake, ambaye jibu lake lingefika Mombasa na kusemwa barazani. Kwa hiyo hakuweza kusema uongo wa kizembe, ungerudishwa. Hakuweza kutunga vibaya. Angechekwa na watu wake. Kejeli isiyojibiwa huelekea kuwa hotuba, na mashairi kadhaa ya Juvenal, kwa kweli, ni hotuba ndefu za mtu aliyekasirika peke yake. Ya Muyaka yana joto la mazungumzo.

Katika shairi moja linalojulikana sana anajiita simba wa maji, kiumbe cha baharini ambacho wengi walitamani kukila na hakikuliwa. Katika jingine anawaita watu wa mji wajifunge viunoni na kushika silaha, maana merikebu za adui zimeonekana. Kisha anaizungumzia vita inayokuja kana kwamba ni ngoma ambayo wageni wanakaribishwa kuicheza. Kicheko kiko katika adabu yake. Mwenyeji anampokea mgeni kwa heshima zote, na kila anayesikiliza anajua ngoma yenyewe itachezwa kwa panga.

## Kwa nini fumbo?

Fumbo ni maneno yenye sura mbili, moja kwa kila mtu na nyingine kwa anayejua. Wengi hudhani mshairi hufumba kwa woga tu. Woga upo, lakini si sababu pekee, wala kwa Muyaka si sababu kubwa. Alipomsema Seyyid Said, Mombasa yote ilikuwa upande wake. Fumbo lilimfaa kwa mambo mengine:

- humfanya msikilizaji afanye kazi, na neno alilolifumbua mwenyewe halimtoki;
- huwagawa wasikilizaji kuwa walioelewa na walioachwa nje, na kila mtu hutaka kuwa ndani;
- humwacha mtu aliyesemwa bila pa kushika, kwani akikasirika amekiri kwamba anayesemwa ni yeye.

Hilo la tatu Mkongomani yeyote analijua kwa jina jingine. Katika Kilingala huitwa mbwakela, na bingwa wake alikuwa Franco Luambo Makiadi (1938–1989). Nyimbo zake za OK Jazz zilisimulia habari za wapenzi na za majirani, na watu wakakaa wakiulizana: anamsema nani hasa? Wimbo wake wa "Mario", wa mwaka 1985, juu ya kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, uliwafanya wanaume wengi wajitazame. Mwaka 1978 Franco alifungwa kwa ajili ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Humo hakufumba, alisema waziwazi. Pwani, kazi hiyohiyo hufanywa na mipasho ya taarabu, na maandishi ya kanga ambayo mwanamke huyavaa akapita mbele ya jirani bila kufungua mdomo.

Tofauti ya Muyaka ni kipimo. Franco alikuwa na dakika kumi na magitaa matatu. Muyaka alikuwa na mizani 64.

Kuna shairi lake juu ya kimya ambalo kila mwandishi wa siasa angefaa kulisoma. Amechukua methali ya wazee, ile inayosema kimya kina mshindo mkuu, akaigeuza kuwa onyo: anayenyamaza asidhaniwe amelala. Katika mji uliozungukwa, onyo hilo lilimfaa adui aliye nje. Lingeweza kumfaa vilevile mtawala aliye ndani ya ngome ambaye raia wake wameacha kumjibu. Shairi haliamui ni nani. Ndiyo maana limeishi.

## Mfuko mtupu na mti mkavu

Ingekuwa makosa kumfanya Muyaka kuwa mwanasiasa mwenye vina. Sehemu kubwa ya tungo zake ni ya maisha ya nyumbani na mitaani: mapenzi yaliyokataliwa, rafiki aliyebadilika, pesa zilizoisha, safari iliyokawia. Humo kejeli yake hugeuka na kumlenga yeye mwenyewe. Mtu aliyejiita simba wa maji ndiye huyohuyo anayelalamika kwamba hana kitu, na kwamba waliomjua alipokuwa nacho sasa wanapita upande wa pili wa njia. Horace angemwelewa hapa. Anayejicheka kwanza amepata ruhusa ya kuwacheka wengine.

Ameilinganisha pia dunia na mti mkavu ambao mtu akiuegemea kwa nguvu utavunjika naye. Fikra yenyewe si mpya. Al-Inkishafi imejaa fikra hiyo, na kila mimbari ya pwani iliihubiri. Upya uko katika mahali inaposemwa. Mhubiri anaitoa juu, akiwatazama waumini. Muyaka anaitoa akiwa chini ya mti, na ameanguka nao.

Mombasa nayo, mji alioupenda, hakuisifu bila kuichoma. Ameifananisha na maji yenye kina ambacho hata wakazi wake hawakijui, mji ambamo mwerevu huzama na mjinga huibuka bila kujua ameokolewa na nini. Sifa na tahadhari zimekaa humo mstari mmoja, kila moja upande wake wa chukudu.

Kwa ufupi: Muyaka alikuwa na namna tatu za kucheka. Adui alichekwa ili apungue, mji ili ujitazame, na yeye mwenyewe ili aaminiwe.

## Mwaka 1837

Historia haikwenda alivyotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Wamazrui walipoteza Pemba, kisiwa kilichowalisha kwa mpunga. Februari 1824 kapteni Mwingereza, William Owen, alikubali kuipandisha bendera ya Uingereza Mombasa kwa ombi la Wamazrui, waliotaka kinga. Serikali yake haikumuunga mkono, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Seyyid Said akarudi tena na tena. Mwaka 1828 aliingia ngomeni kwa mapatano na kuacha askari wake, nao wakazingirwa hadi njaa ikawatoa. Mashambulizi mengine mawili, la mwisho likiwa la 1833, yalishindwa.

Mizinga haikuuvunja mji. Salim bin Ahmed, mtawala wa Mazrui, alipofariki mwaka 1835, warithi waligombana, na sehemu ya Miji Kumi na Miwili ikachoka nao. Mwaka 1837 Said aliingia karibu bila vita. Baadaye wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi, ambako wengi walimalizia maisha yao. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu.

Muyaka, mtu wa miaka sitini hivi, aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alikuwa ametumia ushairi kuwaonya watu wa mji juu ya fitina ya ndani, na fitina ya ndani ndiyo iliyofungua mlango. Hakuishi miaka mingi chini ya mtawala mpya.

## Kiswahili kilichofika Kivu

Msomaji wa Goma atakayemfungua Muyaka kwa mara ya kwanza atakwama. Atakuta "ndia" mahali pa njia, "nti" mahali pa nchi, "mato" mahali pa macho. Atajiuliza kama ni Kiswahili kweli.

Sababu ya kukwama kwake ni Seyyid Said. Mtawala huyo aliyeishinda Mombasa ndiye aliyehamishia makao yake Unguja, na kutoka Unguja misafara ya pembe na ya watumwa iliingia bara, ikavuka Ziwa Tanganyika na kujenga vituo vyake Maniema, Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip, mkuu wa wafanyabiashara hao, alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Kiswahili kilichopanda hadi mashariki ya Kongo kilikuwa na asili ya upande ulioshinda. Wabelgiji na wamisionari walikieneza zaidi baadaye, wenyeji wakakifinyanga kwa ndimi zao, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Kimvita cha Muyaka hakikuwamo katika mizigo.

Jambo hilo lilitiwa muhuri mwaka 1928. Wajumbe wa makoloni ya Kiingereza walikutana kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wakachagua ya Unguja. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa. Muyaka angepata ubeti mzima humo.

Ugumu wa maneno hayo lakini ni wa siku chache. Anayesema "mutu" na "muzee" nyumbani na kuandika "mtu" na "mzee" shuleni amekwisha kuzoea kuishi na Viswahili viwili. Cha tatu hakitamwangusha. Kilatini kilimchukua miaka minne.

## Waliomfuata, na kilichookoka

Mombasa haikuacha kutoa washairi wa aina yake. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa diwani ya Malenga wa Mvita mwaka 1971, akitumia ubeti uleule wa mistari minne. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, aliandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, kitabu cha mwaka 1973. Kwa kijikaratasi cha nathari, maneno ya kawaida yasiyofumbwa, alipata miaka mitatu. Kwa mashairi ya mafumbo alipata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya rais mwenye jina hilohilo.

Muyaka mwenyewe alikaribia kupotea. Tungo zake zilibaki midomoni mwa watu na katika karatasi chache za herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizotumika kuandikia Kiswahili wakati huo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kutoka kwa wazee waliozikumbuka. Akamsaidia W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekipenda Kimvita kuliko wenzake wote, kuzinakili na kuzieleza. Bila Sikujua tungebaki na jina tu, na inasikitisha kwamba vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja.

Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa na profesa wa Nairobi, alitoa uchunguzi mkubwa zaidi wa tungo hizo, pamoja na historia ya vita vilivyozizaa. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Diwani ya Hichens imepigwa chapa kwa herufi zilezile ambazo mwanafunzi wa Latin-Philo huzitumia kumsoma Juvenal: herufi za Kirumi.